Vitz inachemsha kwenye foleni, shemeji anataka tuipige rangi tuuze

SWALI

Shikamoo mzee wa safu ya magari.

Mimi ni muuguzi, nakaa Kinyerezi na kazini kwangu ni mjini. Baada ya kuchoka kugombea daladala za alfajiri nilijibana, nikaongezea mkopo wa kikoba, na mwaka jana nikanunua Vitz ya mwaka 2008, namba D. Kwenye kadi imeandikwa cc 990 na namba ya chasisi inaanza na KSP90. Dalali alisema ilikuwa ya mama mmoja mtu mzima, anaitoa Jumapili tu kwenda kanisani. Rangi ilikuwa inang'aa, ndani inanukia dawa, kilomita zinasoma elfu tisini na kitu. Nilitoa milioni saba na laki mbili, na dalali nikampa chake.

Sasa mzee, hii gari imekuwa mgonjwa ambaye kila asubuhi anaamka na ugonjwa mpya.

Kwanza joto. Haina mshale wa joto, ina taa tu. Siku moja kwenye foleni ya Buguruni, AC imewashwa, nikaona taa nyekundu inawaka na harufu ya mvuke inaingia ndani. Nikapaki, kijana mmoja wa pembeni akanisaidia maji. Tangu hapo imerudia mara kadhaa, na kila mara ni foleni na jua la mchana. Fundi wangu wa mtaani kazi yake ikawa kuongeza maji tu, sasa amefika mahali anasema injini imechoka, tutafute ya mtumba, anajua pa kuipata na ataifunga mwenyewe. Cha ajabu, tulienda msibani Morogoro na kurudi, mwendo mzuri tu, na taa haikuwaka hata mara moja. Halafu asubuhi ile taa ya bluu inachelewa sana kuzima, naweza kufika Tabata bado inawaka. Na mafuta inakula, wenzangu wenye cc kama yangu wananicheka.

Pili inatetemeka. Nikisimama kwenye taa, usukani na kiti vinatikisika, na nikiitoa P kuweka D inashtuka. Tatu inagonga chini kila tuta. Fundi akashauri tuinyanyue kwa spesa kwa sababu barabara ya mtaani kwetu ni mashimo matupu. Tukaweka, ikainuka vizuri, lakini sasa nikikata usukani wote pale kwenye maegesho ya kazini, mbele kunalia ka-ka-ka-ka. Pia inavuta kushoto, na tairi ya mbele kushoto imelika upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana.

Bodi ndiyo imenivunja moyo. Baada ya masika, rangi ya fenda ya kushoto ilipasuka nyufa nyembamba, na ndani kunaonekana kitu cha kijivu. Chini ya milango kuna malengelenge. Boneti lazima niibamize ndiyo ifunge, na ukisimama mbele unaona nafasi ya upande wa kushoto ni kubwa kuliko ya kulia. Taa ya kushoto ni nyeupe safi, ya kulia imefifia imekuwa ya njano. Na zulia la abiria wa mbele linaloa hata kiangazi.

Mume wangu anasema niuze hivyo hivyo. Shemeji ana rafiki yake mpiga rangi, anasema tuipige rangi nzima kwa milioni moja na laki mbili, tumuuzie mtu kabla injini haijafa. Fundi anataka injini. Mimi mkopo bado nalipa. Nianzie wapi?

Muuguzi, Kinyerezi


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Kabla ya yote, hiyo tairi iliyoonyesha nyuzi. Itoe leo. Tairi ya namna hiyo hupasuka bila kupiga hodi, na iko mbele, upande ambao gari tayari linavuta. Funga ya akiba. Kama ni kile kitairi chembamba kilichokuja na gari, soma ubavuni mwake, kina kikomo cha mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na hakikutengenezwa kwa safari za kila siku. Tairi jipya usinunue bado, sababu nitaifikia.

Sasa jibu fupi, maana najua fundi wako anasubiri simu: injini usinunue, rangi usipige, na kuuza subiri. Hela ya kwanza iende kwenye feni, thamostati na kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini. Inayofuata iende kwenye vitu vya chini vinavyogonga, kisha alaimenti, yaani kupima na kunyoosha matairi. Rangi ije mwisho kabisa.

Nimeikataa injini mapema hivyo kwa sababu barua yako ina mambo mawili uliyoyapita haraka haraka, na ndiyo yenye ushahidi. La kwanza ni taa ya bluu. Vitz ya kizazi chako haina mshale, ina taa ya bluu inayosema injini bado ya baridi na nyekundu inayosema imepita kiasi. Katika hali ya hewa ya Dar es Salaam, bluu inatakiwa izime baada ya dakika chache tu za kuendesha. Kama inakusindikiza hadi Tabata, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu ulipowasha gari, wakati yalipaswa kubaki ndani ya injini mpaka yapate joto. Anayeyazuia ni thamostati, kidude cha chuma chenye springi kinachofunguka maji yakifika karibu nyuzi 80. Thamostati yako ama imekwama wazi au, na mimi naweka dau hapa, imetolewa ikatupwa.

Mafundi wetu wengi huitoa. Gari likichemsha, wanatoa thamostati ili "maji yapite vizuri", mteja anaondoka anafurahi, wiki mbili tatu linatulia. Kumbe ugonjwa haujaguswa. Injini sasa inafanya kazi ya baridi muda mrefu, kompyuta yake inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga petroli ya ziada, oili haipati joto la kukausha unyevu. Hapo ndipo mafuta yako yanakokwenda. Wenzako wakikucheka wewe waelekeze kwa aliyeitoa.

La pili ni safari ya Morogoro. Injini iliyochoka au gasketi ya silinda hedi iliyokatika ingekusumbua kwenye mwendo mrefu na vilima. Gari lako kwenye mwendo linatulia na kwenye foleni linachemsha. Tofauti ya hali hizo mbili ni upepo. Ukikimbia, upepo wa barabarani unaipoza rejeta bila msaada wa mtu. Ukisimama Buguruni, AC ikiongeza joto lake mbele ya rejeta hiyo hiyo, aliyebaki ni feni peke yake. Feni yako haifanyi kazi, au inafanya nusu.

Hilo unaweza kulipima mwenyewe nyumbani. Washa gari likiwa limesimama, weka AC, fungua boneti, usikilize. Feni inapaswa kuanza kuzunguka mara tu kompresa ya AC inaposhika. Isipoanza, mtafute fundi umeme wa magari, siyo fundi injini: fyuzi, rilei, soketi iliyoungua au mota yenyewe imekufa. Ikizunguka, chukua karatasi ya daftari uisogeze mbele ya gari, kwenye matundu ya show, ile grili ya mbele. Inatakiwa ivutwe, inate pale. Ikipeperushwa kukurudia, nyaya za feni zimefungwa kinyume na inasukuma upepo nje, inashindana na upepo wa barabara. Nimeyaona hayo kwenye magari yaliyogongwa mbele yakaunganishwa upya na mtu asiye na haraka ya kuhakikisha. Na kama karatasi inavutwa kwa uvivu, chungulia kama ile kava ya plastiki inayoizunguka feni ipo. Bila kava, feni inavuta hewa ya pembeni na rejeta inaachwa na joto lake.

Ukimpata fundi wa kueleweka, mpe kazi kwa mpangilio huu na usimruhusu aruke. Gari likiwa baridi kabisa afungue kifuniko cha rejeta aone maji. Yakiwa na rangi ya kutu, na kwa sababu umekuwa ukiongezewa maji ya bomba nadhani yatakuwa nayo, mfumo wote usafishwe mpaka yatoke meupe. Arudishe thamostati. Kabla hajaifunga, mwambie aitumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni kwako na muone wote ikifunguka maji yakikaribia kuchemka. Nyingine ni mpya na mbovu kutoka kwenye boksi. Abadili kifuniko cha rejeta, maana ndicho kinachoshika presha inayofanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100, na mpira wake ukishakauka presha inavuja. Aangalie pampu ya maji, kwenye injini hizi ni mahali pa kupatazama: michirizi mikavu ya rangi ya kulanti chini ya pampu ni dalili ya kuvuja. Mwisho ajaze kulanti na atoe hewa yote. Gharama ya yote hayo, hata ukiongeza mota ya feni, haikaribii bei ya injini.

Sitakudanganya kwamba injini haijaumia. 1KR, injini yako hii ya silinda tatu, ina bloku na hedi za aluminiamu, na aluminiamu ikipikwa mara nyingi hupinda. Kwa hiyo baada ya feni kupona, tazama. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta utando mzito wa rangi ya maziwa, maji yamechanganyika na oili, ingawa utando mwepesi tu unaweza kuletwa na hiyo injini kufanya kazi ya baridi. Gari likiwa limelala usiku, liwashe, ubonyeze bomba la juu la rejeta. Likiwa gumu ndani ya dakika moja wakati maji bado ni ya baridi, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Moshi mweupe usiokoma, maji yanayopungua bila kuvuja popote, mapovu mfululizo kwenye rejeta: hizo ni za familia hiyo hiyo. Ukiona mojawapo, lipelekwe kupimwa kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, silinda zote tatu, na namba ziandikwe. Hata hapo kuna gasketi na kusawazisha hedi kabla hatujafika kwenye injini ya mtumba, ambayo historia yake hakuna anayeijua, na ambayo namba yake ni tofauti na ile iliyoandikwa kwenye kadi yako. Ukibadili injini una safari ya TRA kubadili taarifa. Fundi wako kakutajia hilo?

Ikitokea taa nyekundu imewaka tena njiani kabla hujatengeneza: zima AC, washa hita kwenye joto la juu na feni ya ndani ya mwisho, vioo chini. Utapata mateso lakini hita ni rejeta ndogo, inatoa joto kwenye injini. Tafuta pa kupaki, zima, ngoja. Kifuniko usiguse mpaka uweze kuweka mkono juu ya rejeta bila kuutoa. Wewe ni muuguzi, majeraha ya mvuke umeyahudumia kuliko mimi. Na kwa kuwa gari halina mshale, nunua kile kidude cha OBD kinachochomekwa chini ya dashibodi na kusomeka kwenye simu. Hakikisha tu kinasoma magari ya Japani. Kitakuonyesha joto kwa namba. Kati ya 85 na 95 endelea na safari zako, foleni inaweza kupandisha kidogo. Ikigusa 105 paki, usingoje taa, taa hiyo huwaka wakati mambo yameshaharibika.

Sasa tuje kwenye lile ambalo dalali hakukwambia. Taa moja mpya na moja ya njano, boneti isiyokaa, nafasi zisizolingana, fenda yenye puti (ule udongo wa kijivu wa kujazia bati lililobonyea), tairi inayolika ndani, gari linalovuta, feni isiyoeleweka. Vyote viko mbele na vingi viko kushoto. Gari hili liligongwa kona ya mbele kushoto, likanyooshwa, likapigwa rangi, likauzwa. Joto la Buguruni na fenda iliyopasuka ni habari moja: rejeta ikivunjika kwenye ajali, mara nyingi inawekwa ya bei rahisi, na feni inarudishwa kwa kubahatisha.

Kugongwa peke yake hakulifanyi gari kuwa takataka. Fenda, taa, bampa na boneti ni nguo tu, zinavuliwa na kuvalishwa. Kinachoamua ni kama pigo lilifika kwenye mifupa. Fungua boneti na utazame boliti zinazoshika fenda na bawaba. Za kiwandani zimepakwa rangi pamoja na bodi na hazina mikwaruzo. Zilizowahi kufunguliwa zina vichwa vilivyochubuliwa na spana. Linganisha kushoto na kulia. Halafu fuata ile fremu inayobeba rejeta, na zile nguzo mbili zinazotoka kwenye ukuta wa injini kuja mbele, moja kila upande. Unatafuta mikunjo, welding yenye mabonge, rangi ya kupulizwa juu ya vumbi, au gundi ya viungo iliyopakwa kwa kidole wakati upande wa pili imenyooka. Piga picha kila unachokitilia shaka, pande zote mbili.

Na kitu kingine kimoja, tafadhali usikiruke. Weka swichi ON bila kuwasha injini, utazame taa ya eabegi, mfuko wa hewa unaofumuka gari likigongwa: ni yule mtu aliyekaa na mpira mbele yake. Inatakiwa iwake sekunde chache kisha izime. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa ndiyo mbaya zaidi, kuna mtu ameinyamazisha, na inawezekana nyuma ya usukani hakuna begi tena. Hilo ukiligundua, mume wako na shemeji wasikae hapo mbele bila kujua, na ujue pia kwamba mkanda ndiyo kinga pekee uliyo nayo.

Makelele ya chini yana lugha yake, na ukiijua hutauziwa spea usiyoihitaji. Kugonga kwepesi kwa haraka kwenye matuta madogo na kokoto ni linki za stabilaiza, za bei nafuu kuliko vyote, na ndizo za kuanza nazo. Kishindo kimoja kizito ukifunga breki au ukirudi nyuma ni bushi za lowa amu, mipira ya ule mkono wa chini unaoshika tairi. Mvumo unaopanda na mwendo na kubadilika ukikata kona ni beringi ya tairi. Na hiyo ka-ka-ka-ka yako wakati wa kukata usukani wote ni CV jointi, hakuna mjadala. Imekuja baada ya spesa kwa sababu ukiinua bodi, shafti zinazotoka kwenye gia boksi kwenda kwenye matairi zinalazimika kushuka kwa pembe kali kuliko zilivyotengenezewa, na ile mipira ya jointi inakunjika na kupasuka, grisi inamwagika, mchanga unaingia. Chungulia nyuma ya tairi la mbele. Ukikuta grisi nyeusi imerushwa ndani ya rimu, huo mpira umekufa.

Mimi si mpenzi wa spesa kwenye Vitz. Najua Kinyerezi ya ndani ilivyo, na kama huwezi kuishi bila kuinua, tafuta springi na shokapu nzima zenye ubora, kwanza uone gari linakaa wapi. Mengi tunayodhani ni mafupi yana springi zilizolala kwa uzee. Toa spesa, weka linki, bushi na jointi, na ukinunua jointi nenda Gerezani au Shauri Moyo na ile ya zamani mkononi, uhesabu meno kabla ya kulipa.

Hapo ndipo unakwenda alaimenti, kwenye mashine ya kompyuta inayotoa karatasi ya kabla na baada. Kwenye Vitz, mbele kinachorekebishwa kawaida ni uelekeo wa matairi tu, yaani yanatazamana au yanapishana. Ule mlalo, tairi kuegemea ndani au nje kwa juu, hauna pa kurekebishia bila kubadili kitu. Kwa hiyo kama karatasi itaonyesha mlalo wa kushoto uko tofauti sana na wa kulia, kuna kitu kimepinda: shokapu, lowa amu, ule mkono unaobeba beringi, au mwili wa gari wenyewe. Vitatu vya kwanza vinabadilishwa. Cha nne ndicho mume wako atakuwa na haki nacho. Tairi jipya linunue baada ya hapo, na ununue mawili ya mbele kwa pamoja. Kabla ya kulipa, soma tarakimu nne za mwisho pembeni mwa maandishi ya DOT: mbili za wiki, mbili za mwaka. Tairi la miaka saba dukani ni la zamani hata kama lina nywele.

Kutetemeka nakupitia haraka. Silinda tatu zina mtetemo wa asili, usitegemee utulivu wa silinda nne. Ila kushtuka ukiweka D kunanielekeza kwenye maunting ya injini, kile kishikizo chake, iliyokatika mpira. Fundi abadili hiyo, asafishe throto bodi, mlango wa hewa ya injini, yenye masizi, aangalie plagi na koili zake tatu. Na mwulize anakuwekea oili gani. Kama ni 20W-50 kwa sababu "gari la zamani linataka nzito", mwambie injini hii ilisanifiwa kwa oili nyepesi, 5W-30 inaifaa, na ina cheni ya taimingi inayotegemea oili ifike juu mapema asubuhi.

Zulia linaloloa kiangazi halitokani na mvua. AC inatengeneza maji, na yana kamrija kake ka kutokea chini ya gari. Kakiziba vumbi, maji yanarudi miguuni kwa abiria. Ni kazi ya waya mwembamba na pumzi ya kompresa. Ila ukiwa umenyanyua zulia, angalia na reli za kiti. Tope kavu kwenye kona na kutu nene kwenye springi za kiti ni alama ya gari lililowahi kulala kwenye mafuriko. Vuta na mkanda wa siti mpaka mwisho wake, sehemu ambayo haitoki kila siku. Mstari wa maji machafu pale haufutiki kirahisi.

Nimeiacha rangi mwisho kwa makusudi. Kile cha kijivu ulichokiona ni puti. Puti siyo dhambi, ikiwa nyembamba inasawazisha bonde dogo na kukaa miaka. Ikiwa nene inapasuka, kwa sababu bati linacheza na jua na puti haichezi. Chukua sumaku ya friji, uifunge kitambaa laini usikwaruze, upitishe bodi nzima taratibu. Inapong'ang'ania ni bati. Inapodondoka kuna puti nene. Fanya hivyo kwenye nguzo za milango na paa pia. Fenda yenye puti ni habari ndogo, nguzo yenye puti ni kubwa.

Malengelenge chini ya milango ni kutu inayotoka ndani kuja nje. Kila mlango una vitundu chini vya kutolea maji, tope na majani vikiviziba, maji yanabaki ndani, na hewa yetu ya chumvi inamalizia. Tikisa mlango, ukisikia maji yanacheza ndani umepata mkosaji. Zibua. Kisha malengelenge yakwanguliwe mpaka bati jeupe, lipakwe dawa ya kutu na praima, ndipo rangi, vipande hivyo tu. Rafiki wa shemeji akipuliza rangi nzima juu ya malengelenge, masika yajayo yatakuwa yamerudi, na milioni moja na laki mbili itakuwa imeshaliwa.

Kuhusu zile kilomita elfu tisini, tazama ukingo wa mlango wa dereva na chini ya boneti. Magari ya Japani mara nyingi hubandikwa stika za kubadili oili zenye tarehe na kilomita. Ikiwa stika ya huko inasoma zaidi ya dashi yako ya leo, basi yule mama wa kanisani alikuwa anasali mbali sana.

Shemeji namwelewa, anataka kukuokolea hela. Lakini mpango wake ndio ule ule uliokuuzia wewe gari hili. Atakayenunua naye atakuwa na mkopo wa kikoba. Kama mifupa imepona, ukishatengeneza feni na chini utakuwa na gari dogo lenye spea kila kona, na ukiliuza leo hela yake haitakupa lililo bora zaidi. Kama mifupa imepinda, liuze, umwonyeshe mnunuzi zile picha, na bei ishuke kwa uwazi.

Fundi wako mwambie injini isubiri. Wiki hii fanya kipimo cha karatasi na cha taa ya eabegi, havina gharama. Baada ya alaimenti nitumie picha ya karatasi, ile yenye namba za kabla na za baada, pamoja na picha za boliti za fenda pande zote mbili na zile nguzo mbili za mbele.